Kuosha chupa nako ni historia

Mhariri,

Miaka ishirini na sita nimesoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari. Makala ya wiki iliyopita kuhusu familia za Marekani zilizokuwa na viwanda vya kujaza soda kwenye chupa imenitoa kimya. Kurasa mbili nzima, picha sita za wazee wenye masharubu, na kuosha chupa hakukutajwa hata mara moja!

Mwandishi wenu anaanzia 1899, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead walipopewa haki ya kujaza Coca-Cola kwa dola moja. Sawa. Lakini Joseph Biedenharn, muuza peremende wa Vicksburg, alikwisha kuijaza tangu 1894. Alimpelekea Asa Candler, mwenye kampuni ya Coca-Cola, kreti aionje, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba chupa zake hakurudishiwa. Mwandishi ameliruka hilo, kumbe biashara yote iko humo, kwenye chupa kurudi.

Anaandika eti familia zile zilianguka kwa sababu warithi walikuwa wavivu. Wavivu! Soda ni maji, na chupa ya kioo ni mzigo juu ya mzigo. Kuipeleka mbali hakulipi, na ikishanywewa chupa tupu lazima irudi. Ndiyo maana karibu kila mji ulikuwa na kiwanda chake na familia yake, kila mmoja na eneo lake kwenye mkataba. Miaka ya 1920 wajazaji wa Coca-Cola peke yao walipita 1,000. Likaja kopo, ikaja chupa ya plastiki iliyopewa hataza 1973, na lori likaweza kwenda safari ndefu bila kurudi na kitu. Kiwanda kimoja kikubwa kikameza vidogo kumi. Mtoto wa mtu angeamka saa ngapi ili kuzuia hilo?

Nasema hivi kwa kuwa nimekaa miaka kumi na moja mbele ya taa ya kukagulia chupa, katika kiwanda cha familia ambacho sitakitaja. Usiku mmoja nilipitisha chupa iliyokuwa imewekewa mafuta ya taa. Mashine ilikuwa imeiosha kwa maji moto na kostiki, dawa kali ya kuoshea, inang'aa, lakini harufu ile haitoki. Mzee mwenye kiwanda akashuka na kandambili, akanusa, akaamuru kreti arobaini zimwagwe, na mshahara wangu wa siku tatu ukaenda nazo. Nilimchukia mpaka mwisho wa mwezi. Mwanawe, mrithi, mvivu wenu huyo, alikaa nami chini akinusa chupa moja moja hadi adhana ya alfajiri.

Na mkiwa mnarekebisha, tazameni pia hizi lebo za "tangu mwaka fulani" kwenye soda ambayo familia iliiuza zamani na hata maji yake si yale. Sizungumzii vizibo vya kuzungusha, ambavyo mtu wa umri wangu huvifungua kwa kuita mjukuu.

Ombi langu ni dogo. Mkalisheni mwandishi wenu mbele ya ile taa, dakika ishirini ishirini kama tulivyokuwa tukipokezana, chupa zikipita. Akimwona mende wa kwanza kabla hajajazwa soda, mruhusuni aandike tena neno "mrithi".

Mkaguzi wa chupa, mstaafu