Setilaiti mpya imerushwa: dishi lako liache lilivyo

Kila ikitangazwa habari ya setilaiti mpya, simu za duka letu hapa Chake Chake huanza kulia. Kuanzia Konde mpaka Mkoani suali ni moja: "Fundi, lini unakuja kuligeuza dishi?" Wengine huwa wameshatoa fedha kwa mafundi wapita njia walioahidi picha safi zaidi. Tafadhalini, msiwape. Setilaiti iliyorushwa wiki hii haikupi chaneli wiki hii, na ikichukua nafasi ya nyingine palepale angani, dishi halihitaji kugeuzwa.

Tuchukue Eutelsat 7C, setilaiti ya kampuni ya Eutelsat, iliyotengenezwa kukaa juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, kule yanakoelekea madishi ya Azam. Sisi Pemba tuko karibu nyuzi 40 mashariki, ndiyo maana madishi hayo hapa yametazama magharibi, upande wa Tanga. Ilirushwa tarehe 20 Juni 2019 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikaanza kazi Januari 2020. Muda wote huo ilikuwa ikipanda na kufanyiwa majaribio. Roketi haiifikishi setilaiti ya namna hii mpaka mahali pake. Huiachia njiani, halafu yenyewe hujisukuma hadi kilomita 35,786 juu ya ikweta. 7C ilijisukuma kwa injini za umeme, ambazo hazili mafuta mengi lakini nguvu zake ni ndogo mno, kwa hiyo safari huchukua miezi. Wenye setilaiti hukubali kungoja kwa sababu katika biashara ya kurusha, uzito ndio bei.

Hata siku ya kuruka mwenye setilaiti haipangi peke yake. Ariane 5, roketi iliyoibeba 7C, ilizoea kupakia setilaiti mbili kubwa kwa safari moja, na siku ile 7C ilipanda pamoja na setilaiti ya televisheni ya Marekani. Mzigo mmoja ukichelewa kiwandani, wa pili nao hungoja.

Kourou yenyewe iko kiasi cha nyuzi 5 kaskazini ya ikweta, nasi Pemba tuko nyuzi 5 kusini. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi kasi ya ziada, ikabeba mzigo mkubwa zaidi kwa mafuta yaleyale. Waitaliano walilijua hilo mapema wakajenga jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa hapo setilaiti ya Marekani ikapewa jina Uhuru. Pwani yetu hii hii, na inafaa watoto wetu wafundishwe.

Wanaotaka kulipia mapema intaneti ya setilaiti ambayo haijaruka, tunawaomba wasubiri. Tarehe 1 Septemba 2016 roketi ya Falcon 9 iliripuka Cape Canaveral, Marekani, ikitiwa mafuta kwa majaribio, siku mbili kabla ya kuruka. Setilaiti AMOS-6 iliyokuwa juu yake ikateketea, na Facebook na Eutelsat walikuwa wameshakodi nafasi ndani yake kwa ajili ya intaneti ya Afrika kusini mwa Sahara. Eutelsat ilikuja kurusha Konnect, ya kuhudumia Afrika, Januari 2020. Kwa hiyo hatupokei arubuni ya huduma ya setilaiti ambayo bado haijaanza kazi, hata mteja akitusihi.

Picha ikikatika, angalia kwanza makuti yaliyokua mbele ya dishi, kisha skrubu na waya zilizoliwa na kutu ya chumvi. Ukipata ujumbe wa kampuni yako kwamba masafa yamebadilika, mara nyingi kinachotakiwa ni king'amuzi kutafuta chaneli upya. Tupigie, tutakuelekeza kwa simu bila malipo. Fundi atakuja ikiwa kweli kuna kazi ya kupanda juu ya paa.