Namba ya simu ni ya mwenye duka

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua. Nina duka la steshenari hapa Kasulu, mkoani Kigoma: natoa kopi, nachapa, nalaminisha, nauza vocha. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, madaftari nayasahau. Kazi inakuwa kuombea watoto vyuo. Mtoto anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, mimi nabofya.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja kutoka upande wa Makere na karatasi ya matokeo ya kaka yake: PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, Divisheni One ya pointi 4. Kaka mwenyewe alikuwa kambini JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, hana simu. Anataka udaktari. Tukaomba vyuo vitatu, na pale mfumo ulipodai namba ya simu nikaweka yangu. Hata sikufikiri. Ndivyo tunavyofanya wote wenye hizi kazi.

Akachaguliwa vyuo viwili. Sasa, anayechaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe anakwenda wapi, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ile ya kijana yule iliingia kwangu usiku, katikati ya matangazo ya bahati nasibu na wale wanaokudai deni la jirani yako. Nilikuja kuiona muda wa kuthibitisha umeshapita.

Alipotoka kambini alikuja dukani, nywele bado hazijaota vizuri. "Shikamoo mama. Naomba uangalie tena." Nikaangalia tena, kama vile kuangalia kungerudisha siku. Awamu iliyofuata alipata kozi nyingine, siyo udaktari. Hajanilaumu hata siku moja, na mama yake hadi leo akija mnadani ananipitishia maharage. Hayo maharage huwa siyapiki kwa raha.

Fomu yake ya mkopo wa chuo ndiyo ilitutoa jasho. Jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi H, kwenye cheti cha kidato cha nne halina. Kwa herufi hiyo moja akatafute wakili, ale kiapo, alipe. Halafu baba mwenyewe ni marehemu, alizikwa kijijini, na cheti cha kifo hakuna aliyekifuatilia, maana nani anakwenda mjini kutafuta karatasi siku ya tatu ya msiba? Bila cheti kilichohakikiwa na RITA, wanaosajili vizazi na vifo, kwenye fomu huyu siyo yatima. Nyumbani wako kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lakini namba ya kaya iko kwenye kitambulisho cha mama, na mama yuko shamba. Ongeza 30,000 ya kuomba mkopo na 10,000 ambayo vyuo vingi hutoza kwa kila ombi. Ongeza na nauli za kuja kwangu mara nne, saini ya kijiji iliposahaulika muhuri.

Nasema haya kwa sababu kila tukizungumzia mtoto wa maskini aliyefaulu, tunazungumzia fedha tu. Fedha ni kweli, ila kuna zilizotoka. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022. Mwaka huohuo ikaja Samia Scholarship kwa waliong'ara masomo ya sayansi, nayo inataka kijana awe ameshapata udahili. Kote huko mlangoni pana kompyuta, na aliyekaa mbele ya hiyo kompyuta ni mimi, ambaye sijasomea kazi hii na nyuma yangu kuna foleni ya watu wanaotaka kopi za kitambulisho cha taifa, cha NIDA.

Kenya wana mpango unaitwa KenSAP, ulioanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na John Manners. Wanachukua vijana wachache wenye alama za juu kabisa, wengi wa familia duni, na kuwaelekeza hadi wapate nafasi katika vyuo vikubwa vya Marekani. Ada hulipwa na vyuo vyenyewe. Mpango kazi yake ni kukaa na mtoto. Sisi wala hatuombi Marekani, tunaomba vyuo vya hapa nyumbani, Muhimbili na Dodoma.

Ombi langu kwa wizara ni dogo. Kila shule ya kidato cha tano na sita iwe na mwalimu mmoja ambaye hii ni kazi yake, apunguziwe vipindi, apewe kompyuta na bando. Aanze na kidato cha tano: majina yalingane, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiwe, namba ya TASAF iandikwe mahali. Mtoto akienda JKT faili lake libaki shuleni, na ujumbe wa chuo uende kwa mwalimu huyo. Mtaniambia walimu hawatoshi. Najua, mume wangu ni mwalimu.

Kwa sasa ninalo daftari la kaunta. Mwaka huu lina majina 31, na 19 kati yao wametumia namba yangu. Simu nalala nayo chini ya mto, sauti juu.

Mama steshenari,
Kasulu, Kigoma