Hadna ya faiba kwenye chupa ya maji ya kunywa, itatumalizia watoto

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la hadna, ile dawa ya kugandishia faiba, kuuzwa kwenye chupa za maji nimekaa nalo wiki ya tatu sasa, na kila nikimsimulia mtu hapa pwani anacheka tu, eti mbona sote tunanunua hivohivo.

Mie mvuvi wa Tanga, nina boti ya mbao ya futi 24 na mashine yake ya dizeli ya silinda moja, zile za kichina za kuwasha kwa hendeli. Kasha la kufunikia mashine lilikuwa la plaiwudi na lilishaoza kwa maji ya chumvi, ikawa wimbi likipiga ubavuni mkanda unaloa, unateleza, mashine inalia kama mbuzi. Nikamuuliza fundi kasha jipya la faiba bei gani, akaniambia laki nne na nusu, rangi juu yangu. Nikasema hapana, hili nalitengeneza mwenyewe uani kwangu.

Na kazi yenyewe si ngumu kama watu wanavyodhani, ila ina ujanja wake. Umbo la ndani, la kulazia faiba juu yake, nililifanya kwa plaiwudi nyembamba, kona nikazijazia lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la tivii, hapo ndo nilikosea mara ya kwanza, kumbe resini ya poliesta (ule uji wa kulowanishia faiba) ikigusa lile povu linayeyuka kama sukari kwenye chai ya moto, nikabaki na mashimo. Nikaanza upya, povu lote nikalizungushia selotepu ya kahawia bila kuacha upenyo, juu yake nta ya kung'arishia gari, mikono mitatu. Kona usiziache kali, zifanye za mviringo, maana mati (zile nyuzi za kioo) haipendi kukunjwa ghafla, inanyanyuka na chini yake inabaki hewa. Halafu ubavu ulale kidogo, chini pawe papana kuliko juu, la sivyo kasha linaganda kwenye umbo na hulitoi mpaka uvunje kimojawapo. Mati nilitumia ya gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tatu, na resini inakula mara mbili ya uzito wa mati au zaidi kidogo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Dukani, na sitalitaja maana najua si hilo peke yake, nilipewa resini kwenye ndoo kuukuu ya rangi, sawa, ndoo ni ndoo. Lakini hadna nikawekewa kwenye chupa ya maji ya nusu lita, na karatasi ya kampuni ya maji bado ipo imebandikwa, na hadna yenyewe haina rangi kabisa, huwezi kuitofautisha na maji kwa macho hata ufanyeje. Nikauliza naweka kiasi gani, kijana wa duka akanijibu huku anachezea simu, "weka kizibo kimoja kwa kilo mzee, ukiona inachelewa ongeza."

Kizibo cha chupa ya maji hakifiki hata mililita 10. Kilo moja ya resini inataka mililita 10 mpaka 20, na kwa joto letu hili la mchana ukianzia na hiyo 10 inatosha kabisa. Mimi sikujua, nikaweka kizibo kimoja, tabaka la kwanza likakaa siku mbili linanata kama jemu, nikalibandua lote kwa bisu. Mara ya pili nikapandwa na hasira nikamimina vizibo sita, haikupita muda kopo likaanza kuwa la moto mkononi, likatoa moshi, plastiki ikalegea, nikalirusha mchangani. Mzee mmoja anayeunda boti jirani yetu ndo alikuja kunionesha, yeye anapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na anachanganya kidogokidogo kwenye beseni pana, sio kopo refu, maana ikirundikana ndo inajipasha yenyewe. Shilingi ngapi bomba la sindano? Duka lingeweza kunipa na hadna yangu na lisifilisike.

Hayo ni hasara ya pesa, nimeshayasamehe. Ambalo sijasamehe ni la siku ya tatu. Ilikuwa alasiri, nimeacha kazi nimeingia kuswali, ile chupa nimeiacha kwenye kizingiti cha jiko, kosa langu, nakubali. Mwanangu wa miaka sita katoka kwenye mpira jasho linamtoka, kaona chupa ya maji, kaifungua. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele, kamuona akiwa keshainyanyua kapiga ukelele ule ambao ukiusikia hata kwenye sala unatoka. Mtoto akashtuka chupa ikamponyoka, hadna ikamrukia shavuni, chini ya jicho, kama upana wa kidole tu.

Tulimweka chini ya bomba tukamwagia maji zaidi ya robo saa, analia, mimi namshika kichwa mke wangu anamfumbua jicho. Ile kitu ikiingia kwenye jicho inaweza kulipofua, na ikinywewa inaunguza koo na tumbo, na mtu asilazimishwe kutapika maana inaunguza tena ikipanda. Haya nimeyajua baadaye. Hospitali nesi kaniuliza swali moja tu, "ni dawa gani imemwingia?" Nikampa chupa. Akaigeuza akasoma: maji safi ya kunywa. Akaniangalia, nami nikamwangalia, sikuwa na jina la kumpa zaidi ya "hadna ya faiba".

Alhamdulillahi jicho ni zima, shavu lilibabuka likapona.

Ipo nyingine ambayo wauzaji wanaijua vizuri na hawaisemi. Resini nyingine zinauzwa bila akselereta, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha kuganda, unapewa kichupa chake pembeni. Hiyo inatangulia kwenye resini, inakorogwa mpaka imeenea, ndipo hadna ifuate. Ukizikutanisha hizo mbili peke yake kwa ajili ya kuokoa muda zinawaka, zinaweza kulipuka usoni. Sasa fikiria zote mbili zipo kwenye vichupa visivyo na maandishi, na anayenunua ni mvuvi ambaye hajawahi kufundishwa na mtu.

Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tunayo toka 2003, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi za kanda, kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba wakaguzi wakipita wasiishie kwenye maghala makubwa, waingie na kwenye vile viduka vya nyuma ambako dumu moja linamiminwa kwenye chupa hamsini. Na wenye maduka, kipande cha karatasi chenye jina la kitu, kipimo kwa kilo, na la kufanya kikiingia jichoni, mnaandika kwa mkono hata kwa peni, kuna ugumu gani hapo?

Kasha limekwisha, mhariri, na limetoka zuri kuliko la fundi. Upande wa nyuma nimeliachia matundu yanayotazama tezi ili mashine ivute hewa na maji ya omo, ya mbele ya boti, yasiingie, ukiliziba lote mashine inakohoa. Jirani yangu kashaniomba nimfanyie la mashine yake ya petroli, nimemkatalia, mvuke wa petroli ni mzito unatuama chini ya boti na kasha langu halina feni ya kuutoa, cheche moja tu na boti inaondoka.

Hadna iliyobaki nimeihamishia kwenye kidumu cheusi, nimekifungia kwenye sanduku la nyavu. Mwanangu ndo aliyeandika lebo kwa maka peni, kaandika SUMO. Nimeiacha hivohivo.

Mvuvi, Tanga