Samaki wa shemeji yangu na jaji wa mwaka 1765

Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika Jumapili iliyopita kwamba mambo ya katiba ni "hadithi za Wazungu waliovaa mawigi" alinichekesha, halafu akaninyima usingizi. Nilicheka kwa sababu na mimi nililikariri jina la Montesquieu, mwanafalsafa wa Kifaransa, ili nifaulu mtihani, nikalisahau siku ileile. Usingizi ulipotea kwa ajili ya shemeji yangu.

Shemeji, mke wa marehemu kaka, anakaanga samaki jioni katika mji mmoja wa mwambao ambao sitautaja. Ana meza, karai, jiko la mkaa na sanduku la bati. Ndani ya sanduku anaweka chumvi, ndimu, chenji na daftari la madeni, yale madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mwezi wa kumi mwaka jana walimjia vijana watatu wa mgambo wakitaka risiti za ushuru. Alipokuwa bado anajipapasa kwenye kanga, wakafungua sanduku wenyewe, wakazimwaga ndimu mchangani, wakachukua daftari. Akawauliza, "Wanangu, mna karatasi?" Mkubwa wao akamjibu, "Mama, sisi tumetumwa." Shemeji hakuvuka darasa la saba, lakini hakuacha hapo. Akauliza: kutumwa mmetumwa, je, kuchukua daftari langu imeandikwa wapi? Akaambiwa ni maagizo kutoka juu.

Mimi nimekaa masjala ya mahakama tangu 1984 mpaka nilipostaafu 2022. Hati za upekuzi nimezipiga chapa mpaka vidole vikajua njia, kwa taipu kwanza, baadaye kwa kompyuta. Hati ina jina la anayepekuliwa, mahali, kitu kinachotafutwa, sahihi na muhuri. Kikikosekana kimoja, hakimu mmoja tuliyekuwa naye miaka ya tisini alikuwa akinirudishia karatasi bila kusema neno, anagonga tu kwa kalamu penye pengo. Kwa hiyo shemeji aliponisimulia kwenye simu, sikumkumbuka mwanafalsafa yeyote. Nilimkumbuka John Entick.

Huyu aliishi Stepney, mashariki ya London. Alikuwa mwandishi, na aliandikia gazeti lililokuwa likiisema serikali. Tarehe 11 Novemba 1762 matarishi wanne wa mfalme, akiwamo Nathan Carrington, waliingia nyumbani kwake wakiwa na hati ya waziri, Lord Halifax. Walikaa humo kwa muda wa saa nne. Walivunja makufuli, wakafungua masanduku na droo, wakasoma karatasi zake, wakaondoka na mamia ya vijitabu na chati. Hati ilimtaja Entick kwa jina, lakini karatasi haikuzitaja. Ilisema zichukuliwe zote.

Entick hakwenda kulia kwa waziri. Aliwashtaki matarishi wenyewe, kama unavyomshtaki jirani aliyeingiza ng'ombe shambani kwako, na baraza la raia lililosikiliza kesi likamkadiria fidia ya pauni 300. Mawakili wa upande wa pili wakasema hati za namna hii zimetumika miaka mingi na hakuna aliyewahi kuzipinga, na kwamba dola haiwezi kujilinda bila hizo. Jaji Mkuu Camden alitoa hukumu mwaka 1765. Kuhusu mazoea, alisema kunyamaza kwa watu maskini na waoga mbele ya wenye nguvu hakugeuki kuwa sheria. Kuhusu haja za dola, alisema sheria ya nchi haitambui hoja ya aina hiyo. Na yako maneno ambayo niliyaandika kwa mkono wangu kwenye kadi, nikayabandika juu ya meza yangu ya masjala: kama hii ni sheria, itapatikana vitabuni mwetu, isipopatikana humo, si sheria.

Mwambieni msomaji wenu kwamba hicho ndicho alichokuwa akikiuliza mama muuza samaki.

Wanafalsafa wamo, sikatai. Katika hukumu ileile Camden anasema watu walikubali kuishi chini ya serikali ili mali zao zilindwe, na kwamba karatasi za mtu ni mali aipendayo kuliko zote. Hapo unamsikia John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliyeyaandika mambo ya namna hiyo mwaka 1689. Na Montesquieu, ambaye yeye mwenyewe alikuwa jaji kule Bordeaux (cheo alikirithi kwa ami yake, baadaye akakiuza kama mtu anavyouza minazi), alikuwa ameshaandika mwaka 1748 kwamba mwenye kutunga sheria, mwenye kuitekeleza na mwenye kuhukumu wakiwa mtu mmoja, raia hana pa kukimbilia. Sisi tulifundishwa hilo kwa mchoro wa mistatili mitatu ubaoni. Tungefundishwa kwa droo za Entick tungeelewa mapema: waziri ndiye aliyeshuku, ndiye aliyejiandikia hati, na watu wake ndio walioitekeleza. Hapakuwa na mtu wa pembeni wa kugonga kalamu penye pengo.

Sasa nije penye haki ya msomaji wenu, maana hapo ana hoja nzito na hakuitumia. Locke alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa Afrika Magharibi. Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Nikipanda gari mpaka Masoko, kisha mashua, nafika Kisiwani, na pale Kisiwani sioni magofu tu. Julai 1776 Wamarekani walitangaza kule Philadelphia kwamba watu wote wameumbwa sawa, kwa maneno ya kiongozi wao Jefferson, aliyekuwa akimiliki watumwa. Septemba mwaka huohuo Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, sarafu 20 za piasta kwa kila mmoja, wa kupelekwa visiwa vya Wafaransa huku kwenye bahari yetu. Mkataba uliandikwa vizuri kabisa. Karani mwenzangu, Mungu amsamehe, alikaa akauandika.

Kwa hiyo siwezi kuwadanganya wasomaji kwamba maandishi yanatosha. Mwaka 1787 wale wa Philadelphia walikutana tena kutunga katiba, wakakubaliana mtumwa ahesabiwe kama sehemu tatu za mtu kati ya tano wakati wa kugawa viti vya wabunge. Neno "mtumwa" hawakuliandika. Waliandika "watu wengine wote". Mtu aliyekaa masjala anajua maana yake: mwandishi akianza kulizunguka jina la kitu, ujue kitu chenyewe kinamwonea haya.

Hata hivyo, swali lilelile la shemeji liliwahi kumfungua mtu pingu. James Somerset alichukuliwa Afrika akauzwa Virginia, na bwana wake akaja naye London mwaka 1769. Miaka miwili baadaye akatoroka. Akakamatwa, akafungwa ndani ya meli ili apelekwe kuuzwa Jamaica. Rafiki zake wakaenda mahakamani, na nahodha akaamriwa amlete mtu huyo na aeleze anamshikilia kwa sheria ipi. Tarehe 22 Juni 1772 Jaji Mansfield alisema utumwa ni jambo la kuchukiza kiasi kwamba hakuna kinachoweza kuutetea isipokuwa sheria iliyotungwa waziwazi, na Uingereza hakuiona. Somerset akatoka mlangoni na miguu yake. Watumwa wa makoloni walibaki palepale. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakomboa mwaka 1833. Huku kwetu ndiyo usiseme.

Haya yametufikaje? Waingereza walipopanga mahakama za Tanganyika waliandika kwamba sheria ya kwao iliyojengwa na hukumu za majaji itumike hapa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu ya Entick ilikuwa na miaka 155 wakati huo, ikaingia bandarini pamoja na mizigo mingine, ingawa walioileta hawakuwa na haraka ya kumwonyesha Mswahili. Uhuru ulipokuja 1961, katiba haikuwa na sura ya haki za raia. Viongozi waliona ingeifunga mikono serikali changa. Sura hiyo iliingia 1984, mwaka nilioajiriwa, na mahakama zikaruhusiwa kuisimamia kuanzia 1988. Ibara ya 16 inataja maskani ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Sidhani kama aliyeiandika alikuwa na wigi.

Novemba nilipanda basi nikaenda kwenye ofisi waliyotoka wale vijana. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti na maji. Binti wa mapokezi alitafuta kwenye rejista, akatafuta kwenye kompyuta, akaniita mzee mara nyingi. Hakuna jalada. Hakuna hati wala stakabadhi ya kuchukua kitu chochote kwa mwanamke yeyote siku hiyo. Nikamwuliza basi daftari liko wapi. Akasema kwa kumbukumbu zao, mzee, hilo daftari halijachukuliwa.

Shemeji amenunua daftari jipya na anayarudisha madeni kwa kumbukumbu, mteja baada ya mteja, karai likiwa linachemka. Wengi wamekuja wenyewe wakalipa, wengine hata kabla ya kuulizwa. Amebaki mmoja wa vipande vinne vya changu, ambaye kila akidaiwa anamwuliza: imeandikwa wapi?

Karani mstaafu,
Kilwa Kivinje