Titi lililojengwa upya linaweza kurudishiwa hisia

Ndugu Mhariri,

Kila mwezi wa Oktoba magazeti yetu, hili likiwemo, huandika kwa wingi kuhusu saratani ya matiti, na siku hizi hata ujenzi upya wa titi baada ya upasuaji hutajwa. Kinachosifiwa daima ni umbo. Haisemwi kwamba titi hilo jipya, kwa wanawake wengi, limekufa ganzi: mwenye nalo akifumba macho ukamgusa katikati ya titi, hajui kama ameguswa. Ganzi hiyo ina sababu inayojulikana, na kwa baadhi ya wagonjwa ina tiba.

Ngozi ya titi hupata hisia kutoka kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazopita kati ya mbavu, hasa ya tatu hadi ya tano. Kila neva hutoa matawi mawili ya ngozi. La pembeni huchomoza ubavuni, chini ya kwapa. La mbele huchomoza kando ya mfupa wa kidari. Chuchu hutegemea zaidi tawi la pembeni la neva ya nne. Titi linapobanduliwa kutoka kwenye msuli wa kifua, mengi ya matawi haya hukatwa. Mfuko wa silikoni, au nyama iliyohamishwa kutoka tumboni, hujaza nafasi tu. Neva chache hujiotea zenyewe kutoka kingo za kovu, lakini katikati mara nyingi hazifiki.

Mahali ambapo kuunga neva kuna mantiki zaidi ni kwenye upasuaji unaoitwa DIEP, ambao Robert Allen alianza kuutumia kujenga titi huko New Orleans, Marekani, mwaka 1992. Ngozi na mafuta ya tumbo la chini huhamishiwa kifuani pamoja na mishipa yake ya damu, msuli wa tumbo ukiachwa mahali pake. Kwa kuwa daktari tayari yuko kwenye hadubini akiunga ateri na vena, kuunga neva ni nyongeza ya muda mfupi.

Kazi huanzia tumboni. Neva ya 10 hadi ya 12 za kifua hupeleka matawi ya hisia kwenye ngozi hiyo, na matawi hayo hupenya msuli jirani kabisa na mishipa midogo ya damu. Daktari hulifuata tawi la hisia kurudi nyuma mpaka linapoungana na neva kuu, kisha hulikata hapo ili apate urefu wa kutosha. Hapa uvumilivu unahitajika, maana neva kuu imebeba pia nyuzi zinazoendesha msuli. Akiikata yote, tumbo hulegea na kutokeza upande mmoja, na mgonjwa atakuwa amenunua hisia za titi kwa udhaifu wa tumbo. Hiyo ni biashara mbaya.

Kifuani hutafutwa tawi la mbele la neva ya tatu. Lipo palepale ambapo gegedu ya ubavu huondolewa, au nafasi kati ya mbavu hufunguliwa, ili kufikia mishipa ya damu itakayopokea ile ya tumboni. Lazima litambuliwe na kuwekewa alama kabla kazi ya mishipa haijaanza, vinginevyo kisu cha umeme kitalichoma bila mtu kujua. Ateri na vena huungwa kwanza, kwa sababu nyama isiyopata damu hufa, na neva iliyoungwa kwenye nyama iliyokufa haina faida.

Ncha zote mbili za neva hupunguzwa kwa wembe mkali mpaka vifungu vya nyuzi vionekane vikiwa hai ndani yake. Kisha ganda la nje hushonwa kwa nukta mbili au tatu za uzi wa nailoni namba 9-0 au 10-0, ambao ni mwembamba kuliko unywele. Sindano isizame kwenye vifungu vyenyewe. Neva isivutike hata kidogo: mgonjwa akiwa amelala ncha zinaweza kukutana vizuri, akiketi siku ya pili titi likashuka na mshono ukaachia. Kwa hiyo urefu hupimwa baada ya titi kuwekwa mahali litakapokaa. Neva pia isipite juu ya vena kwa namna ya kuibana.

Ncha zisipofikiana, pengo dogo la kama sentimita moja huzibwa kwa mrija wa kolajeni, aina ya protini. Pengo kubwa zaidi huhitaji kipande cha neva, ama cha mgonjwa mwenyewe, ama kilichotolewa kwa marehemu na kusafishwa chembe zake. Hiki cha pili ndicho kinachotumika Marekani hata kwa wanaowekewa silikoni, kikiunganisha neva ya nne ubavuni na ngozi nyuma ya chuchu. Bei yake ni maelfu ya dola, na hutunzwa kwenye baridi kali. Kwa maoni yetu, si hapo hospitali za Afrika Mashariki zinapopaswa kuanzia.

Baada ya kuungwa, neva haifanyi kazi kesho yake. Nyuzi za upande uliokatwa hufa kwanza, kisha mpya huota kwa takriban milimita moja kwa siku, yaani sentimita tatu kwa mwezi. Miezi ya mwanzo kimya ni kawaida. Baadaye huja kuwashwa au vishindo kama vya umeme, na hisia huweza kuendelea kuimarika hadi mwaka wa pili. Mionzi, kisukari, sigara na dawa za saratani kama paclitaxel hupunguza matokeo. Anayeahidiwa kwamba titi litahisi kama la zamani anadanganywa. Lengo la kweli ni kuhisi mguso, joto na maumivu.

Kwetu, wengi huondolewa titi bila kujengewa jingine, na hadubini za upasuaji ni chache. Hata hivyo kuna ambalo linawezekana katika chumba chochote cha upasuaji, bila gharama mpya: kuhifadhi neva. Wakati wa kuondoa tezi za kwapa, neva inayovuka kwapa kwenda upande wa ndani wa mkono huonekana kwa macho na mara nyingi inaweza kuachwa. Ikikatwa ovyo huacha ganzi mkononi, na wakati mwingine ncha yake huota kivimbe chenye maumivu ya miaka. Tawi la pembeni la neva ya nne nalo linaweza kuokolewa ikiwa uvimbe uko mbali nalo. Likiwa ndani ya eneo la saratani likatwe, bila mjadala.

Kwa wanaojengewa titi kwa msuli wa mgongoni, njia isiyohitaji hadubini, wajue kwamba neva inayokuja na msuli huo ni ya kuuendesha, haileti hisia kwenye ngozi. Tumewahi kusikia wagonjwa wakielezwa kinyume.

Hatari ya ganzi ni moto. Machapisho ya kitabibu yameripoti wanawake walioungua titi lililojengwa kwa chupa ya maji ya moto na mito ya umeme ya kupashia mwili joto, wasijue mpaka walipoona malengelenge. Kwetu kuna kukanda. Shangazi mwenye nia njema na kitambaa kilichotoka kwenye maji yanayofuka anaweza kuunguza ngozi ambayo haitalalamika. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mkono wenye afya, kitambaa cha moto kisiwekwe kabisa juu ya titi au kovu, na anayepika kwenye jiko la mkaa asiliinamie.

Mgonjwa anayepelekwa kujengewa titi, hapa au India, amuulize daktari kabla ya kusaini: neva ipi itahifadhiwa, je, kuna neva itakayoungwa, kutoka wapi kwenda wapi, na tawi litakalochukuliwa tumboni ni la hisia pekee? Majibu yaandikwe kwenye faili, kwa sababu daktari wa kliniki atakayempima miezi sita baadaye huenda akawa mwingine.

Madaktari wa upasuaji,
Dar es Salaam