Mogoka haimalizi usingizi wa dereva

Kwa Mhariri,

Mimi ni mke wa dereva wa trela, twaishi Changamwe. Tangu ile amri ya kaunti ya Mombasa ya 2024 ya kupiga marufuku mogoka, yale majani ya jamii ya miraa watu wanayotafuna kujichangamsha, watu wanabishana tu kuhusu vijana na ushuru na mapato ya wakulima wa Embu, lakini barabarani hakuna anayepataja na mimi ndio kitu chaniweka macho usiku.

Mogoka na miraa zina kathinoni, ambayo mwilini inafanya kazi karibu sawa na amfetamini, ile dawa ya kusisimua mwili, moyo waenda mbio, mtu achangamka, maneno mengi. Sikatai, kwa masaa machache dereva hasinzii. Lakini ule usingizi aliokosa haujalipwa, ni deni liko pale pale, na handasi, yaani ule mchangamko, ikikatika linakuja lote kwa mpigo, sasa fikiria mtu ametoka Nairobi usiku amechana (ametafuna) mogoka njia nzima halafu inamkatikia alfajiri akiwa Taru ama Mackinnon Road, barabara imenyooka, tanboi, yule msaidizi wake, naye kalala. Kwa mwendo wa 80 kwa saa, ukisinzia sekunde 4 tu gari imeenda karibu mita 90 bila mtu.

Na hata kabla haijakatika kuna shida, manake aliyechangamka hivyo hajijui kama amechoka, yuwajiamini kupita kiasi, anaovateki pale ambapo siku nyingine angesubiri. Wengine wakifika wanashushia na pombe ndio walale, kesho yake waanza upya. Na alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupulizia, yapima pombe peke yake, mwenye shavu limejaa majani apita salama salama, ilhali Sheria ya Trafiki inakataza kuendesha ukiwa umelemewa na pombe AMA dawa yoyote.

Ila jamani tusiwalaumu madereva pekee. Bosi anayelipa kwa tripu na kupiga simu saa nane za usiku "umefika wapi" ajua fika huyo mtu anakaa macho kwa nini. Gari za abiria zina kanuni ya dereva kutozidi masaa 8 kwa siku, NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, isimamie hiyo kikweli na matrela yabanwe vivyo hivyo, safari ndefu iwe na madereva wawili, na polisi wakimsimamisha dereva pale Mariakani wamuulize pia mara ya mwisho alilala lini na kwa masaa mangapi.

Mke wa dereva,
Changamwe, Mombasa