Nyimbo za watoto zianzie uani, si ubaoni

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba watoto wa parokia zetu hapa Lubumbashi wanacheza mno wakati wa kufundishwa nyimbo, na kwamba kwa sababu hiyo heshima ya nyumba ya Mungu inapungua. Uchungu wake naufahamu, maana mimi pia napenda kanisa liwe kanisa. Lakini nimewafundisha watoto nyimbo katika komini ya Katuba, sehemu mojawapo ya mji huu, kwa miaka 12, kila Jumamosi alasiri, na niliyoyaona yananilazimu kusema kinyume chake: mtoto aliyejifunza wimbo kwa mchezo anakuwa nao, na yule aliyeukariri kutoka ubaoni ameazima maneno tu, na kabla ya Jumapili ya pili ameshayarudisha.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka fulani, wakati wa Majilio, tulifundisha wimbo mpya kwa njia tuliyoizoea. Kiongozi aliandika beti nne ubaoni, akawa anasoma mstari, watoto wanaurudia kwa kelele, na aliyekosea anasimamishwa mbele ya wenzake. Karibu nami aliketi binti wa miaka sita, naye aliimba kwa nguvu zake zote kwamba Bwana ameketi katika kiti cha inzi. Wakubwa wakacheka. Yule mtoto akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: «Mama, inzi iko na kiti?» Hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa ametafuta maana ya neno «enzi» katika maneno yote aliyokuwa nayo, akachukua lile lililokaribia zaidi, na kwa kweli ndiye peke yake siku ile aliyekuwa akifikiri anachoimba. Kiswahili cha vitabu vya misa si Kiswahili cha sokoni Katuba wala cha komini ya Kenya hapa hapa mjini, na sisi tulikuwa tumempa mtoto neno bila kumpa njia ya kulifikia.

Jumamosi iliyofuata tuliuacha ubao. Tuliweka kiti uani chini ya mwembe, tukakifunika kwa kikwembe kizuri, na watoto wakazunguka wakiimba mstari ule mmoja. Wimbo unaponyamaza, aliye karibu na kiti anaketi, wenzake wanainama, kisha anashuka na mwingine anapata zamu. Baada ya robo saa hakuna aliyehitaji kuelezwa enzi ni nini, na hadi leo sijasikia tena inzi katika wimbo ule.

Msomaji huyo anadhani kwamba mchezo ni kitu cha kuwatuliza watoto kabla ya kazi yenyewe kuanza. Mimi nasema mchezo ndio kazi yenyewe. Chukua nzango, ambayo wasichana wetu huicheza katika kila ua wa shule: wawili wanatazamana, wanapiga makofi, wanaruka, kila mmoja anatupa mguu mbele, na bao linategemea jinsi miguu ilivyokutana. Nzango haichezwi bila wimbo. Kwa hiyo tunapanga watoto mistari miwili inayotazamana, mmoja unaimba ubeti na mwingine unaitikia, na mguu unagusa ardhi pale neno linapobeba uzito wake. Hapo nimegundua jambo ambalo ubao haukuwahi kunionyesha. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyimbo nyingi tulizorithi zilikuja na sauti zilizotungwa kwa ajili ya lugha za Ulaya. Mtoto anapolazimishwa kuimba «mwokozi» huku sauti ikiegemea silabi ya mwisho, mguu wake unakataa, kwa sababu unataka kushuka pale kwenye «ko». Watoto wanapojikwaa wote mahali pamoja, siwagombezi tena. Namwendea kiongozi wa korali, tunaupitia mstari ule pamoja na mara nyingi tunaona kwamba wenye haki ni watoto.

Upo pia mchezo ambao watoto wangu wameuita umeme, na kila mkazi wa mji huu ataelewa kwa nini. Wanaimba kwa sauti. Nikishusha mkono, umeme umekatika, nao wanaendelea na wimbo moyoni bila kutoa sauti hata kidogo. Nikiinua mkono, umeme umerudi, na wote wanapaswa kurudi kwenye silabi moja. Mara ya kwanza kila mmoja alirudi mahali pake. Siku hizi wanarudi pamoja hata baada ya mstari mzima wa kimya, na katika kimya kile ningependa msomaji wetu aje awatazame nyuso zao kabla ya kusema kwamba hawana heshima.

Kwa watoto wadogo sana naanza na kiitikio peke yake. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unamalizika kwa maneno yale yale kuhusu fadhili za Mungu za milele. Mtoto wa miaka minne anayashika maneno hayo kwa dakika chache, na tangu hapo anaimba zaburi yote pamoja na watu wazima, kwa kuwa nusu yake ni yake.

Kuhusu heshima, Zaburi ya 47 inaanza kwa kuwaita watu wote wapige makofi. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale, yaani kitabu cha sala za misa, ya majimbo ya Kanisa katika nchi yetu, ambayo inaupa mwendo wa mwili na ngoma nafasi yake mbele ya altare. Na wazee wa Katanga hawajasahau Missa Luba, misa iliyoimbwa kwa mtindo wa nyimbo za kwetu, ambayo wavulana wa shule wa Kamina na walimu wao, pamoja na Padri Guido Haazen, waliiimba na kuirekodi mwaka 1958. Haikuanzia kwenye karatasi ya noti za muziki. Ilitokana na watu kubuni kwa pamoja juu ya nyimbo za kwao, na dunia nzima ikaisikia.

Nakubaliana na msomaji katika jambo moja: mchezo uwe uani, na wimbo uingie kanisani ukiwa umeshaiva. Sigawi pipi, na siweki mchezo wa kumtoa nje aliyekosea, kwa sababu anayetolewa ndiye anayehitaji kuimba zaidi.

Ombi langu ni kwa mapadri, wachungaji na viongozi wa korali. Wimbo wa Noeli msitukabidhi juma moja kabla ya sikukuu. Tupeni mapema mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado hazijatufukuza uani, na mtuachie watoto nusu saa baada ya misa. Nao akina mama wa Likasi, Kolwezi na Kipushi wanaokumbuka michezo ya makofi ya utoto wao, nawaomba waiandike katika ukurasa huu, kwa kuwa michezo ninayoijua mimi watoto wangu wameshaimaliza.

Mwalimu wa nyimbo za watoto,
Katuba, Lubumbashi